Tochi ya Mama Mkwe

Mume wangu alirudi kutoka Darajani na tochi ya alumini nyeusi, fupi kuliko kalamu, na boksi lake limeandikwa lumeni 5,000. Aliifurahia kwa dhati. Hapa Unguja mtu wa umri wetu ana sababu ya kuiheshimu tochi. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa gizani baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Pampu hazikuzunguka, maji tukateka visimani, samaki akaliwa siku ileile aliyovuliwa, na usiku ukawa wa majenereta kwa wenye uwezo na koroboi kwa wengine wote. Mama mkwe wangu ameitunza koroboi ya wakati ule mpaka leo, juu ya kabati, utambi wake umekatwa vizuri, na hakuna anayethubutu kusema itupwe.

"Sasa mama, ile koroboi tumpe mtu," alisema mume wangu, akimulika dari.

"Tutaona," alijibu mama.

Haikuchukua muda umeme ukakatika usiku. Mimi napika maandazi ya asubuhi ya watoto wa chuoni na wa skuli, kwa hiyo unga huwa nimeshaukanda tangu baada ya Isha na kuuacha uumuke kwenye karai, nimeufunika kanga, juu ya kibao kilicho ukumbini karibu na mlango wa jiko. Mama huamka usiku wa manane kutia udhu. Njia yake anaijua: ukuta, mlango, kibao, ndoo. Usiku ule angefika bafuni na kurudi salama kama mwanawe hangemsikia akitembea, akainuka kwa haraka ya mapenzi, akatoka chumbani na tochi mpya na kuiwasha imuelekee usoni.

Mama aliinua mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua moja, akakalia kibao. Karai likapinduka. Nilipofika ukumbini, mume wangu alikuwa anahangaika kuizima. Tochi ile ina kitufe kimoja cha mpira ubavuni, na ukishaiwasha huna njia ya mkato: unabonyeza inakuja kali, unabonyeza inakuja hafifu, unabonyeza inaanza kupepesa, na ndipo ubonyeze tena izime. Kwa papara akapitiliza, ikawaka kali upya, akaanza mzunguko mwingine. Katika kule kupepesa nikawa namuona mama mara yupo, mara hayupo, ameketi sakafuni, mguu mmoja umezama ndani ya unga hadi kifundoni.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "zima hilo jua lako."

Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini asubuhi watoto walikuja na mia mia zao wakakuta jiko halijawashwa, na hilo lilinikaa moyoni kuliko hasara ya unga.

Nimelifikiria sana jambo hili, na ninaliamini kabisa: tochi ya nyumbani ipimwe kwanza kwa mwanga wake mdogo. Jicho lililozoea giza ni jicho zuri. Huchukua karibu nusu saa kulizoea sawasawa, na mmuliko mmoja mkali huiharibu kazi yote hiyo kwa sekunde. Mtu mzima ndiye anayepata tabu zaidi. Mama jicho lake moja limefanyiwa operesheni, la pili bado lina mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huutawanya mwanga ndani ya jicho, kwa hiyo taa kali haimsaidii kuona bali humfunika kila kitu kwa ukungu mweupe. Anachohitaji ni mwanga unaotosha kumuonyesha ukingo wa ndoo. Mshumaa mmoja hutoa lumeni kama 12 hivi. Kwa njia ya bafuni, lumeni moja inatosha.

Kaka yangu Juma, ambaye watoto wanamwita mjomba na mtaa mzima wanamwita fundi kwa ajili ya simu zao, alipokuja kututembelea aliishika tochi, akalisoma boksi na kutikisa kichwa. Akaifungua, akatoa betri ya lithiamu yenye umbo la betri ya saa ya ukutani. Aina hiyo huitwa 14500, kwa upana wa milimita 14 na urefu wa 50.

"Shemeji, tupige hesabu," alimwambia mume wangu. "LED nzuri kwenye tochi hutoa lumeni 150 hivi kwa kila wati moja. Ili upate 5,000 unahitaji wati zaidi ya 30. Hii betri nzima ina wati-saa tatu tu. Ingekuwa kweli, isingemaliza dakika sita, na wewe usingeweza kuishika kwa moto wake."

Mume wangu si mtu wa kubishana na hesabu. Aliomba aelezwe alama gani aziangalie siku nyingine, na Juma akamueleza vizuri. Tangu 2009 Wamarekani wana kigezo kiitwacho ANSI FL1, ambacho watengenezaji waaminifu hukifuata kwa hiari. Lumeni hupimwa sekunde 30 baada ya kuwasha, kwa kuwa tochi nyingi huwaka kwa kishindo kisha hushuka. Umbali ni pale mwanga unapobaki robo ya luksi, karibu sawa na mbalamwezi. Muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ulivyoanza, ndiyo maana boksi linaweza kusema saa nyingi wakati mwanga wenyewe umeshafifia zamani. Kuna pia urefu wa kuanguka, usiopungua mita moja, na alama za maji: IPX4 ni ya kurushiwa matone, IPX7 ni ya kuzama mita moja kwa nusu saa. Boksi letu halikuwa na hata alama moja. Lilikuwa na 5,000 peke yake, kwa wino wa dhahabu.

Tuliendelea nayo, maana pesa ilishatoka. Ikaja shida ya chaji. Mwanangu Haji aliichomeka jioni kwa waya mweupe wa simu, ule wenye ncha ndogo ya mviringo pande zote mbili, na umeme ulipokatika tukaikuta imekufa. Akadhani waya ni mbovu, akajaribu mwingine wa aina ileile, haikuingia chaji. Kumbe chombo kinachochajiwa kwa waya wa namna hiyo lazima kiwe na vipinga viwili vidogo sana vya kuijulisha chaja kwamba kipo na kinataka umeme. Aliyeiunda tochi hii aliviacha ili apunguze gharama, na chaja isiposikia salamu haitoi kitu. Ukitumia waya wa zamani wenye ncha pana upande wa chaja, inaingia bila neno. Juma alitupa waya wa namna hiyo, nikaufunga kitambaa chekundu usichanganywe.

Haji huyohuyo ndiye aliyeiona saa ya bibi yake imesimama, akaitoa ile betri kwenye tochi na kuitia kwenye saa, kwa nia njema, maana umbo ni moja. Saa inataka volti 1.5 na betri ile ina 3.7. Saa haikupona.

Kilichoimaliza hadhi ya tochi ile ni baibui la wifi yangu Mwanaidi. Aliiazima kwenda kwenye singo ya jirani, kwa vile njia ya kurudi ina giza na mashimo. Alipofika alivua baibui, akalikunja, akalitia kwenye mkoba, na tochi akaitumbukiza juu yake. Kitufe cha ubavuni kikakandamizwa na vitu vingine. Bibi harusi anasingwa, udi umefukizwa, na kwa sababu ya udi hakuna aliyeshtukia harufu mpaka ilipogeuka kuwa ya plastiki. Walipofungua mkoba, kioo cha tochi kilikuwa kimeegemea kitambaa na kimekitoboa tundu la duara lenye kingo ngumu zilizoyeyuka. Nguo nyeusi hunywa mwanga wote na kuugeuza joto, na kitambaa cha mabaibui mengi ni cha nyuzi za plastiki. Nimelishika tundu lile kwa vidole vyangu. Kingo zake zinakwaruza. Ingekuwa karatasi pale ndani, au chupa ya mafuta mazuri, sijui tungesema nini.

Wifi hakutaka kulipwa. "Wifi yangu," aliniambia, "baibui litashonwa, lakini hiki kitu msikiweke karibu na kitanda cha mama."

Shemeji yangu anayefanya kazi Muscat alipokuwa anakuja likizo, mume wangu alimuandikia orodha ya kile anachotaka safari hii, na nilifurahi nilipoisoma, kwa sababu haikuwa na neno "kali" hata mara moja. Tochi iliyokuja inatumia betri ya kawaida ya AA, ile ya duka lolote la mtaani, na pia inakubali za kuchaji za volti 1.2. Haina kitufe. Unazungusha kichwa chake inawaka, na mara ya kwanza huwaka kwa lumeni moja. Ukirudisha na kuzungusha tena haraka, inapanda ngazi ya pili, kisha ya juu, lumeni 150. Boksi lake ni dogo na alama zote zipo.

Tuliijaribu kama nyumba. Haji aliiwasha na kuizamisha kwenye ndoo ya maji, ikawaka chini huko mpaka alipochoka kuitazama. Mume wangu aliipima kwa kuiacha ikiwaka usiku kucha kwa ngazi ya chini, tukaamka imo bado. Iliporomoka mezani hadi kwenye saruji bila mtu kukusudia, na ikabaki na mkwaruzo tu. Ukilegeza kichwa mzunguko mmoja zaidi haiwezi kuwaka yenyewe, hata uitupe mkobani na kuikalia.

Jaribio langu mimi lilikuwa jikoni. Iko siku umeme ulikatika alfajiri, mafuta yameshachemka, nikaisimamisha tochi kwa mkia wake juu ya rafu ikamulika dari, na dari nyeupe ikaurudisha mwanga jiko zima bila kunichoma macho. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo boksi la kwanza halikulitaja. LED nyeupe kwa asili ni taa ya buluu iliyofunikwa unga wa njano. Taa hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014, na nawaombea kheri kwa kazi yao. Lakini unga ukiwa wa bei rahisi, mwanga unabaki wa kibuluu na rangi nyekundu inakosekana ndani yake. Kwa tochi ya Darajani andazi lilikuwa la kijivu tangu linapoingia mafutani mpaka linapoungua, nikawa nakisia kwa harufu. Kwa hii ya pili, ambayo mwanga wake una kelvini 4,000 na imetengenezwa ionyeshe rangi sawasawa, naiona kahawia ikianza ukingoni, naiona inavyopanda juu ya mgongo wa andazi, na najua wakati wa kugeuza. Kwa mpishi hilo lina thamani kuliko lumeni zote.

Aliyebaki ni mama. Tulimpa tochi mkononi, taa tukazizima, na hatukumuelekeza. Aliipapasa. Mwili wake una mikato midogo midogo ya kushikia, na mikono yake ilikuwa bado mibichi kwa udhu, lakini haikuteleza. Akazungusha. Duara dogo la mwanga likatua sakafuni, miguuni pake. Akatembea ukumbi mzima, akakipita kibao, akafika kwenye ndoo, akainama kuitazama, akarudi.

"Hii inajua adabu," akasema, na kuifunga kwenye pindo la kanga yake, pale anapofungia pesa.

Hajaifungua tangu siku hiyo isipokuwa kwa kazi zake. Juzi mume wangu alitaka kwenda kuangalia mita ya maji nyuma ya nyumba, akaiomba kwa heshima zote.

"Yako si ipo?" alimjibu mama.

"Ile, mama, unajua ilivyo."

"Basi mwambie mdogo wako akirudi safari nyingine alete mbili. Moja yako, moja ya mkeo jikoni. Na umwandikie vizuri: ianze na mwanga mdogo, na betri yake iwe ya dukani kwa Mpemba hapo."

Mume wangu alikaa kizingitini akaandika ujumbe palepale, huku mama amesimama nyuma yake akimmulikia simu, na alipofika kwenye habari ya betri alimtaka amsomee tena tangu mwanzo.