Mwalimu wa uraia ajinoe wapi? Orodha ya Sange, kuanzia mkiani

Mwaka 2024 wizara yetu ilibatizwa upya: Elimu ya Taifa na Uraia Mpya. Somo letu limepanda hadi kwenye bango la wizara kule Kinshasa. Kwenye ratiba ya sekondari bado lina saa moja kwa wiki, na mara nyingi hupewa mwalimu ambaye masaa yake hayajatimia. Sasa mwenzetu huyo akitaka kuiva katika kazi, naye yuko hapa Sange, Kivu Kusini, aende wapi? Nimepanga nafasi saba. Jopo la majaji lilikuwa mimi peke yangu. Asiyeridhika akate rufaa, ila ajue na rufaa nasikiliza mimi. Mgawanyo wa madaraka tutaufundisha wiki ijayo.

7. Semina ya siku moja, Uvira

Kichwa chake lazima kiwe na maneno "kuimarisha uwezo". Barua inasema saa mbili. Mgeni wa heshima anafika saa nne, hotuba zinakwisha saa tano, halafu tunajitambulisha mmoja mmoja, na ukumbi umejaa. Mada yenyewe inaanza wakati pua zote zimeshageukia jikoni. Mchana tunagawanywa vikundi, tunaandika kwenye makaratasi makubwa, yanabandikwa ukutani, yanapigwa picha. Baada ya hapo yanakwenda wapi? Hiyo ndiyo siri ya dola. Foleni pekee inayonyooka siku nzima ni ya kusaini perdiemu.

Hukumu: cheti kizuri sana, kinaziba ufa wa ukuta barabara.

6. Makanda Kabobi (marehemu)

Vijana hamjui, ulizeni wazee. Hiki kilikuwa chuo cha MPR, chama cha Mobutu, kilichoanza 1974, cha kuwapika makada katika Umobutu. Miaka hiyohiyo somo la dini liliondolewa mashuleni na uraia wa chama ukakalia kiti chake, hadi makanisa yaliporudishiwa shule zao 1977. Mahudhurio yalikuwa mazuri mno. Nani angethubutu kuugua?

Hukumu: kimeipita semina kwa jambo moja tu. Kule hakuna aliyejifanya anataka maoni yako.

5. Simu na redio

Radio Okapi inatangaza tangu 2002, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa. Waziri akisema jambo asubuhi, saa sita wanafunzi wanakusubiri mlangoni nalo. Hiyo ni nidhamu nzuri kwa mwalimu. Tatizo liko kwenye kundi la WhatsApp: rambirambi, mbuzi wa kuuza, sala ya asubuhi, na katikati yake Katiba ya 2006 iliyotumwa bila kurasa za mwisho. Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa ndani ya siku 60. Kwetu msambazaji ni yule kijana muuza vocha, na anatoza.

Hukumu: bei nafuu, kelele nyingi, betri asilimia nne.

4. Kurudi chuoni, Bukavu

ISP ya Bukavu, chuo cha ualimu, iko tangu 1961, jina kubwa, hatubishani. Ila hesabu safari. Kutoka Sange unapita Luvungi, unafika Kamanyola, hapo unachagua: upande milima ya Ngomo ukiomba Mungu, au uvuke kwenda Rwanda kupitia Bugarama na kurudi Kongo mlangoni mwa Bukavu. Yaani unatoka nchini na kuingia nchini ili ufike makao makuu ya jimbo lako mwenyewe. Mwalimu wa uraia akimaliza safari hiyo, somo la mipaka analo lote kabla hajajiandikisha. Na hapo nazungumzia nyakati za utulivu. Nyakati nyingine barabara ndiyo inayoamua nani asome.

Hukumu: diploma moja, mihuri minne.

3. Ziara ya inspekta

Najua, najua. Mmeshaanza kunizomea. Nisikilizeni kwanza.

Inspekta anakaa nyuma kabisa kwenye benchi la watoto, magoti karibu na kidevu, na anaanza kuandika kabla hujafungua mdomo. Halafu anaomba daftari la maandalizi. Umeandika lengo: "Mwishoni mwa somo mwanafunzi ataweza kuipenda nchi yake." Anakutazama juu ya miwani na kuuliza kwa upole: "Utapimaje hilo kabla ya kengele?"

Kimya. Utapimaje kweli? Kwa kuimba wimbo wa taifa? Na anayeimba vibaya ni msaliti? Swali hilo moja linakulazimisha utafute kitendo kinachoonekana: ataje, alinganishe, apige kura, aandike barua kwa mkubwa wa mtaa. Nimekaa kwenye semina ambazo zote kwa pamoja hazifikii swali hilo.

Hukumu: anatisha, lakini ni bure. Tena ndiye mtu pekee anayesoma maandalizi yako hadi mwisho.

2. Somo la mfano mbele ya wenzako

Unafundisha, wenzako wanatazama, halafu wanakuchambua kama dagaa. Mmoja wetu aliamua kufundisha uchaguzi kwa vitendo: wagombea watatu wa ukapiteni wa darasa, kura za nafaka. Harage kwa wa kwanza, punje ya hindi kwa wa pili, karanga kwa wa tatu, na kasha la sabuni ndilo sanduku la kura. Mgombea wa karanga alishindwa vibaya sana. Wapiga kura wake walikula kura njiani.

Baada ya somo wenzake wakamvaa. Mashahidi wa wagombea walikuwa wapi? Nani alihesabu watoto kabla ya kuhesabu mbegu? Kwa nini aliyeshindwa hakupewa nafasi ya kulalamika kabla ya mshindi kupigiwa makofi? Mwenye swali hilo la mwisho alikuwa mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyeuliza swali la uraia kuliko wote.

Hukumu: hakuna perdiemu, kwa hiyo wanaokuja wamekuja kweli.

1. Mgomo

Haya, tupeni mawe. Lakini kwanza niambieni ni kozi gani nyingine inayomfanya mwalimu asome Katiba usiku kwa tochi ya simu.

Kifungu cha 39 kinatambua haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na bure, jambo lililoanza kutekelezwa Septemba 2019. Septemba 2024, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, walimu wa sehemu nyingi za nchi, Kivu Kusini ikiwemo, walibaki nyumbani kudai mishahara. Hapo ndipo vifungu hivyo viwili hukutana uso kwa uso: mzazi ameshika cha 43, mwalimu ameshika cha 39, na wote wawili wana haki. Lifundishe hilo kwenye makaratasi ya ukutani kama unaweza.

Zaidi ya hapo unamchagua mjumbe wa sendika, unamdai hesabu ya michango, unajifunza historia. Mapatano ya Mbudi ya 2004 kati ya serikali na masendika yaliweka dola 208 kwa mwezi kwa tarishi, ngazi ya chini kabisa ya utumishi. Muulize mwalimu yeyote wa umri wa makamo, atakutajia namba hiyo kabla ya tarehe ya ndoa yake.

Kisha anasimama yule wa N.U., anayefundisha miaka yote bila jina lake kuingia kwenye orodha ya mishahara, na kuuliza: "Na mimi nigomee nini?"

Hukumu: kozi bora kabisa. Ada inakatwa kwenye mshahara, wa N.U. wanasoma bure.