Mashua ya Mulamwa

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Natanguliza hilo kwa sababu kila anayepita kwangu huchungulia uani na kuniuliza natarajia gharika lini. Nimechoka kujibu. Mashua si yangu. Ni ya mulamwa wangu wa Bungoma, kaka ya mke wangu, baharia mstaafu wa Mtongwe, aliyeinunua kwa mzee mmoja wa kizungu aliyekuwa akiuza shamba huku Trans Nzoia ahamie kwa wanawe. Aliomba niiweke siku chache tu akitafuta lori. Tumevuna mahindi, tumepanda, tumevuna tena, na lori bado linatafutwa.

Chombo chenyewe ni Contessa 26. Najua jina hilo kama ninavyojua majina ya wanangu, maana mulamwa hawezi kunywa chai kwangu bila kulihubiri. Mashua hizi zilianza kuundwa Lymington, Uingereza, mwaka 1966. Mama yao ni Folkboat, mashua ya mbao iliyotoka Uswidi mwaka 1942, baada ya shindano la kuchora mashua kukosa mshindi na waamuzi wakaamua kuchanganya michoro kadhaa. Kamati ilikaa, haikukubaliana, na bado kikatoka kitu cha maana. Sijui kwa nini kamati za huku hazijafundishwa mbinu hiyo.

Ukiisikia ikiitwa mashua ndogo, usidanganyike. Urefu wake ni mita 7.8 hivi, upana mita 2.3. Vyote ndani yake ni vidogo isipokuwa uzito, ambao ni karibu tani mbili na nusu. Zaidi ya tani moja ya huo ni madini ya risasi yaliyofungiwa ndani ya mkuku, uti wa chini wa mashua. Mulamwa anasema uzito huo ndio uhai wa baharia, kwamba wimbi likiilaza mashua ubavu, risasi inaivuta mpaka isimame tena. Hapa kwangu haijawahi kulazwa ubavu na chochote. Kazi ya risasi hiyo imekuwa kuzamisha magurudumu ya trela kwenye udongo wangu mwekundu kila msimu wa mvua. Kijana wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake, akaugonga mkuku, akasikia habari ya tani moja, macho yakamtoka. Alipoelezwa kwamba risasi haitoki mpaka upasue mashua yote, aliondoka bila hata kuaga.

Mkuku huo ni mrefu, umeanza mbali mbele ukafika hadi kwenye usukani. Mashua za siku hizi zina mkuku mfupi, hugeuka upesi. Hii ikishika njia imeshika, hata ukiuachia usukani kidogo inaendelea. Ila kurudi nyuma haijui. Ukitaka iende kulia, yenyewe inakwenda inakotaka. Mulamwa husema hiyo ni tabia ya chombo cha bahari kuu. Dada yake, ambaye nimekaa naye miaka mingi, anasema ni tabia ya mwenye chombo.

Ndani kuna vitanda vinne, jiko dogo na choo. Nyumba nzima! Ila huwezi kusimama wima, utaishi umeinama mpaka ufike nchi kavu. Choo kiko mbele, katikati ya vitanda, hatua mbili kutoka jikoni, na hakuna ukuta wa kueleweka. Sisi tuliofunzwa kwamba choo hukaa nyuma ya migomba tunapata taabu kuelewa. Mulamwa akaongeza kwamba siku ya kuizindua ziwani, familia nzima italala humo, na mama yake pia atakuwepo. Mama yake ni mama mkwe wangu! Mimi nikimwona barabarani Bungoma navuka upande wa pili kwa heshima. Katika mita 7.8, nivuke niende wapi?

Kukataa sikuweza. Kuna ng'ombe wa mahari ambao hutajwa kila nikifika kwao, na mwenye deni la ng'ombe hana sauti ya kukataa mashua. Nilichoweza ni kuomba nifaidike kidogo. Wakati wa kuanika mahindi nilitaka kutandaza tanga kuu uani, maana maturubai yamepanda bei. Mulamwa alikuja mbio kutoka Bungoma, akanieleza kwamba jua huua kitambaa cha tanga. Kwa hiyo tanga limelala kitandani chumbani kwa wageni, limekunjwa vizuri, na wageni hulala sebuleni. Mlingoti wa alumini umelazwa kando ya ua, na mke wangu huanikia nguo. Hilo mulamwa amelinyamazia, kwa sababu ni dada yake.

Ubaya zaidi ni kwamba ameanza kuharibu watoto. Amewasimulia habari za Tania Aebi, binti wa New York ambaye mwaka 1985, akiwa na miaka 18, baba yake alimpa achague kati ya chuo na mashua. Alichagua mashua, Contessa 26 kama hii, akazunguka dunia, akarudi nyumbani mwaka 1987. Sasa kijana wangu wa kidato cha tatu ameniuliza kwa upole kama tunaweza kukaa tuzungumzie karo. Nilimwambia baba wa New York na baba wa Kitale hawafanani, na akitaka kuzunguka dunia aanze na zizi, ng'ombe hajakamuliwa.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni faiba, ndiyo mashua hii imeundwa nayo. Miaka ya 1960 mafundi walikuwa wamezoea mbao, hawakujua kitambaa cha kioo na gundi ya resini vitadumu miaka mingapi. Kwa hofu wakatandika tabaka juu ya tabaka kwa mikono, kama mama anayekandika nyumba asiyeamini mvua imekwisha. Matokeo yake, mashua za enzi hizo zimezeeka pamoja na wenyewe, wenyewe wakafa, mashua zikabaki. Zikikaa majini miaka mingi huweza kuota malengelenge, fundi huyakwangua na kuziba. Ya kwangu haiko majini. Haina hata lengelenge. Mchwa wa Kitale, waliomaliza nguzo za ua, mlango wa ghala na miguu ya kabati la marehemu baba, waliizunguka mara moja wakaenda zao.

Ziwa liko. Kutoka hapa hadi Kisumu kwa Webuye na Kakamega ni kama kilomita 150 za lami. Nilipomkumbusha, mulamwa alisema anachunguza kwanza gugumaji, kwani mkuku wa kuzama mita 1.2 unaweza kunasa. Wavuvi wa Usenge na Port Victoria wako kwenye ziwa hilo hilo na mitumbwi ya tanga, wanarudi na samaki, wala sijasikia mmoja wao akiegesha mtumbwi kwa shemeji yake Kitale.

Nawe msomaji, ndugu akija kukuomba nafasi uani, usimuulize kitu kitakaa siku ngapi, maana hatakwambia kweli. Muulize kimeundwa kwa kutumia nini. Cha mbao kipokee, mchwa watakusaidia. Cha chuma kipokee, kutu haina haraka lakini hufika. Akikwambia ni cha faiba cha miaka ya 1960, mwambie uani pamejaa.