Namna ya Kuyatunza Magoti Titye Hadi Yaharibike

Mtumishi mwenzetu uliyepangiwa Titye, karibu Buha, mkoani Kigoma. Kabla hujafungua begi utakuwa umeshaambiwa kwamba kukimbia kunasaga magoti. Amini upesi. Ushauri huo ni wa bure, na mara nyingi hutolewa na mtu aliyekaa juu ya pikipiki.

Kwanza, usitembee. Ukienda sokoni panda bodaboda, hata kama muuza maharage mnaonana tangu mlangoni kwako. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Linalishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka goti linapokandamizwa na kuachiwa. Basi kaa. Ukikaa sawasawa, gegedu litafunga Ramadhani ya mwaka mzima. Kitambi kikija, kipokee: kila kilo unayoongeza hulielemea goti kwa karibu kilo nne katika kila hatua, na hukukimbia hata kidogo.

Mlimani utapitwa na mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani. Usimuulize habari za magoti. Huenda yanamuuma kweli, na jogging hajawahi kufanya.

Uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2017 uepuke. Unasema kusagika kwa magoti na nyonga kulikutwa kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. (Mwenye goti bovu haanzi kukimbia, kwa hiyo hesabu hiyo haimalizi ubishi.) Kwa wakimbiaji wa mashindano ilikuwa asilimia 13.3. Hiyo ndiyo uikariri.

Akitajwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico mwaka 1968 akamaliza marathoni goti limefungwa bandeji, sema, "Si mnaona?" Ishia hapohapo. Ukifika mwaka 1970 utakuta ameshika nafasi ya tano Edinburgh, kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola, kwa miguu ileile.

Ukishindwa kujizuia, basi kimbia, ila usianze na dakika chache za kukimbia na kutembea, wala usipumzike siku ya pili. Anza na kilomita kumi, ushindane na vijana wanaojiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Subiri mvua ilowanishe udongo mwekundu, kisha shuka mteremko kwa hatua ndefu, kisigino mbele. Jioni goti likivimba, zahanati ipite. Meza diklofenaki tumbo tupu, na asubuhi urudi barabarani. Ikikutoboa tumbo, goti utalisahau.