Kofi Halitengenezi Kioo

Ukitaka kumjua mwenye gari la zamani, mtazame anapofika kwenye malipo ya daraja la Kigamboni. Mwenye gari jipya hushusha kioo, hulipa, hupita. Mwenye Corolla ya 1998 hufungua mlango mzima, hutoa mguu mmoja nje, hulipa amejikunja, kisha huubamiza mlango huku foleni nzima ikimpigia honi. Mwongozo huu ni wake, na lengo lake ni kuurudisha ule mguu ndani ya gari.

Jambo la kwanza ni kuacha kuupiga mlango makofi. Nimeona watu wazima, wenye familia na heshima zao, wakiuzaba mlango kila asubuhi, na kioo kikishuka wanashangilia. Kofi halijatengeneza kitu, lakini limetoa ushahidi, kwa hiyo utumie. Kioo kikikubali baada ya kofi, mshuku mota: brashi zake za kaboni zimeisha au zimekwama, na mtikisiko umezigusisha. Kikikubali unapofungua na kufunga mlango, kagua waya ndani ya ile raba nyeusi kati ya mlango na nguzo ya gari, maana hapo hujikunja miaka nenda rudi hadi zikakatika. Kikikubali pale tu unapokibonyeza kitufe kwa nguvu au kukichezesha pembeni, hapo sasa tunazungumza swichi.

Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha kitufe cha kufunga vioo vya abiria kwenye mlango wa dereva hakijabonyezwa. Usicheke. Kuna mota nzima zimenunuliwa kwa sababu ya kidole cha mtoto. Vioo vyote vinne vikifa kwa pamoja, anza na fyuzi. Kisha fanya jaribio lisilogharimu hata senti: usiku, washa taa ya ndani, bonyeza kitufe, tazama taa. Ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota na huenda swichi haina kosa. Isipotikisika kabisa, huenda umeme umeishia njiani, na swichi ndiyo ya kwanza kuhojiwa.

Mota ya kioo kwa kawaida ina waya mbili. Chanya ikiingia huku na hasi kule, kioo kinapanda, zikibadilishana, kinashuka. Kuzibadilisha huko ndiyo kazi ya swichi, na hufanywa na vipande vidogo vya shaba vinavyopinda huku na huku chini ya kitufe. Kila unapoachia kidole, cheche huruka kati yake. Cheche huacha masizi, masizi huchanganyika na vumbi na grisi iliyokauka, na baada ya miaka ishirini unabonyeza tope jeusi. Katika magari mengi ya zamani ya Kijapani, umeme wa vioo vya abiria nao hupitia swichi kubwa ya dereva. Ndiyo maana kioo cha nyuma kushoto kinaweza kugoma ilhali uchafu uko chini ya kiwiko chako, na fundi aliyekwishaufumua mlango wa nyuma anakutazama kana kwamba umemroga.

Sasa kazi. Chomoa hasi ya betri kwanza. Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi ya Kijapani. Tafuta skrubu zilizojificha chini ya vifuniko vidogo kwenye egemeo la mkono, kisha nyanyua paneli ya swichi kwa kitu cha plastiki. Naomba sana: si kwa kisu cha jikoni. Milango yenye makovu ya kisu imejaa mjini, na kila kovu linatangaza haraka ya mtu. Bonyeza klipu ya soketi ndipo uvute, na ushike soketi yenyewe, si waya.

Fungulia swichi ndani ya trei au juu ya kitambaa cheupe. Ndani mna springi na vipini vidogo, na katika swichi nyingine vijigololi, ambavyo huruka na kukimbilia chini ya kiti, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kuvipata kwa siku hiyohiyo. Piga picha kila unapotoa kipande.

Grisi ya zamani itoe kwa pamba na spiriti safi au spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme. Petroli iache ndani ya tangi. Hula plastiki na huwaka. Kama uchafu ni soda iliyomwagwa na abiria, tangulia na matone ya maji safi, kwa kuwa sukari haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, kisha kausha kabisa. Masizi kwenye ncha za shaba yasugue kwa ufutio wa penseli. Yakikataa, tumia msasa laini wa namba 1000 au zaidi, mara chache na kwa mkono mwepesi: mara nyingi ncha hizo zina ngozi nyembamba ya fedha, na ukiila yote, swichi itaungua upya upesi.

Grisi ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. Oktoba 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni saba duniani kwa sababu ya swichi ya vioo ya dereva: kiwandani grisi haikupakwa sawasawa, kitufe kikawa kinakwaruza. Kampuni ikaonya kwamba kuipaka vilainishi vya dukani kungeweza kuifanya swichi iyeyuke na kutoa moshi. Oktoba 2015 ikaita mengine milioni 6.5 kwa tatizo la grisi kwenye swichi hiyohiyo. Kiwanda chenye vipimo vyote kimekosea grisi, halafu wewe unataka kumimina oili ya injini! Paka grisi ya vifaa vya umeme, utando mwembamba, sehemu zinazosuguana tu.

Ukishairudisha, usiondoke kabla ya kuzitazama raba kinamopita kioo. Raba kavu iliyojaa mchanga huilazimisha mota kuvuta umeme mwingi, na umeme huo ndio unaochoma swichi. Zifute kwa kitambaa chenye maji, zikauke, kisha zipulizie spreyi ya silikoni. Na kioo kikishafika juu, toa kidole! Kuendelea kubonyeza mota iliyokwama ni kuichoma swichi kwa makusudi, na abiria wa nyuma wafundishwe hivyohivyo.

Ukikuta plastiki imeyeyuka au kipande cha shaba kimetoboka, usihangaike na msasa. Ichukue swichi mkononi mpaka Gerezani kama uko Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga kama uko Nairobi, ulinganishe umbo la soketi na mpangilio wa pini moja baada ya nyingine. Usikubali kuambiwa kwamba zote zinafanana. Mwambie muuzaji aifungue uone shaba, maana iliyotumika inaweza kuwa imeungua kuliko hiyo uliyokuja nayo.