Haki Zote Zimehifadhiwa kwa Shangazi

Ukitaka kuthibitisha kwamba umesoma, ngoja siku kompyuta itakapowagomea akina shangazi. Hakuna anayeuliza ulisomea nini. Mradi uliwahi kugusa kibodi, unaitwa.

Chama cha ukoo wetu, kule Kiambu, kilinunua projekta ili kila mwanachama auone mchango wake ukutani na fitina zipungue. Katibu aliandika majina kwenye simu, akayahamishia laptopu, akawasha. Ukutani pakatokea "MÅ©thoni".

Shangazi Mũthoni akavaa miwani. "Hiyo c iliyozungushiwa duara ni ya nini?"

Mjukuu mmoja asiyejua kunyamaza akasema ni alama ya hakimiliki.

"Yaani kuna mtu ameshaliandikisha jina langu?"

Kabla hajajibiwa, ikafika zamu ya Mzee Ng'ang'a. Yeye alitokea "Ngâ€™angâ€™a". Mhazini, mtu wa hesabu, hakuona herufi pale. Aliona yuro mbili, akataka aelezwe zimeingiaje chamani.

Hazikutoka Ulaya. Simu ya katibu huhifadhi maandishi kwa UTF-8, utaratibu ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992 mgahawani New Jersey, kwenye karatasi ya kutandika mezani. Humo ũ huchukua baiti mbili. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo simu huipachika yenyewe bila kuombwa, huchukua tatu. Programu ya laptopu nayo ilikuwa bado inasoma kwa mpango wa zamani, Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi inayojitegemea. Baiti tatu, vituko vitatu: â, €, ™.

Nikaiagiza isome UTF-8, majina yakapona. Kasoro ikabaki kwenye kichwa cha ukurasa, kwani katibu alikuwa amependa fonti ya kadi za harusi, na aliyeichora hakuwahi kufikiria ĩ. Mwenyekiti wetu, Kĩmani, akawa "K□mani". Alikitazama kile kisanduku, kisha akauliza kama ndipo pa kutia sahihi.

Fonti ikabadilishwa, makofi yakapigwa, chai ikamiminwa. Ndipo mhazini akatuma orodha kwa SMS, na salio lake likakatika katikati ya ukoo. Ujumbe wa herufi za kawaida hubeba 160. Ukitia ũ moja tu, wote hubadilishwa mfumo, ukabeba 70. Akasimama akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kofia zote za herufi zitavuliwa.

"Yangu haivuliwi," akasema Shangazi, huku akifungua kibeti.

Ndiyo maana kwenye daftari la chama, chini ya mazishi na karo, kuna mchango mpya uitwao Kofia. Mpaka sasa aliyelipa ni yeye tu. Mzee Ng'ang'a, ambaye jina lake halina kofia hata moja, ameahidi kuchangia pia, ila kwa yuro.