Loki ya Mkanda, Besi la Kanisa

Mchew! Wanakwaya wamechanga tangu kahawa iko mtini, besi limenunuliwa, mheshimiwa padri kalibariki, halafu linaning'inia kwa tundu la ngozi lililolegea na skrubu inayocheza. Mpigaji akiruka kidogo kwenye pambio, mkanda unachomoka, gitaa linatangulia kichwa kwenye sakafu ya saruji. Kilo 4 hivi hizo, si filimbi. Shingo ikipasuka utasikia eti shetani ameijaribu kwaya. Shetani wa watu, hata hakuwepo!

Sasa vijana wa hapa kijiweni wamepata mada: loki za kuzuia mkanda usichomoke. Kila mwenye simu hapa Litumbandyosi ni mtaalamu wa loki. Huyu anataka Schaller ya Mjerumani, yule Dunlop ya Mmarekani. Haya, tuwasikilize, kisha tuwaambie.

Schaller ina kikombe cha chuma chenye umbo la U, kinafungwa kwenye mkanda. Kinavalishwa juu ya kishikizo cha gitaa, pale mkanda unapotundikwa, pini yenye springi inajifunga. Ukikiweka mdomo ukiangalia juu, hata pini ikigoma, uzito wa gitaa lenyewe unalikalisha humo humo. Hapo Mjerumani kafikiri. Ila zile za zamani, nati ya kwenye mkanda hulegea kwa mtikisiko. Tone la rangi ya kucha kwenye meno yake linatuliza, na kina dada wa sauti ya pili hawakosi kichupa. Dunlop haina kikombe: pini yenye vigololi inazama kwenye tundu la kishikizo, na kuitoa unabonyeza. Isipozama yote umebeba ajali begani, kwa hiyo uvute mkanda kwanza kabla hujaliachia gitaa.

Nzuri zote. Lakini besi hili ni la nani, jamani? Misa ya kwanza linapigwa na wazee, misa ya pili vijana, Jumamosi liko harusini, Jumapili nyingine limepakiwa kwenye bodaboda kwenda kigango cha jirani. Kila mpigaji na mkanda wake, mmoja kashona wa kitenge. Na loki ni nusu mbili: moja kwenye gitaa, moja kwenye mkanda. Nusu ya Dunlop haiingiliani na ya Schaller. Mpigaji akisusa (wapiga besi wanajua kususa!) anaondoka na mkanda, na nusu ya loki imeondoka naye. Anayemfuata anatundika mkanda mtupu, tumerudi pale pale, ila sasa tumeshatoa hela.

Mimi nasema tyubu. Kata kiduara cha tyubu ya pikipiki, maana ya baiskeli ni nyembamba, toboa tundu dogo kuliko kichwa cha kishikizo, visha mkanda kwenye kishikizo, kisha uvute mpira upite juu yake. Mkanda wowote utakaa. Msinicheke: Wazungu wenyewe hufanya hivyo kwa mpira wa kizibo cha chupa ya bia ya Grolsch. Mpira ukianza kupasuka, unakata mwingine.

Na kabla ya yote, skrubu! Tundu la mbao likishapanuka, hata loki ya Ujerumani itang'oka pamoja na skrubu yake. Jaza njiti za kiberiti zilizotolewa vichwa, pamoja na gundi ya mbao, acha zikauke usiku mzima, kata zilingane na mbao, ndipo ukaze kwa bisibisi. Mwalimu wa kwaya anataka kukaza leo leo kwa sababu kesho kuna kipaimara. Mchew! Asubiri.

Mwenye gitaa lake mwenyewe, anayezunguka na bendi Songea na Mbinga mjini, huyo anunue loki, tena asibanie, na mkanda wake asiuazime. Sisi wa gitaa la shirika... wewe dogo wa bodaboda, ile tyubu iliyopasuka juzi umeitupa wapi?