Namna ya Kulitunza Shuka la Wageni Hadi Lisimfae Yeyote

Kila nyumba inayojiheshimu ina mashuka ya namna mbili. Yapo ya wenyewe, yaliyopauka, yenye kiraka pale kiuno kinapotua. Na yapo ya wageni, yaliyotoka kwenye kichen pati, yamedariziwa maua pembeni na hayajawahi kuguswa na mgongo wa binadamu. Haya ya pili ndiyo yenye kazi. Mwongozo huu ni wa wale walioapa kwamba mgeni akija, iwe mwaka huu au mwaka wowote, atalala pazuri kuliko wao.

Kwanza, kufua. Ndiyo, shuka halijatumika, lakini limekaa, na kukaa nako ni uchafu. Liloweke beseni moja na khanga mpya, ikiwezekana nyekundu. Bibi zetu huifua khanga mpya peke yake mara kadhaa, mpaka maji yatoke bila rangi, lakini wao hawakuwa na foleni ya daladala ya kuwahi. Shuka likitoka la waridi, waambie watu ulilinunua hivyo.

Kisha ulirudishie weupe kwa bluu ya kufulia. Wenye subira huifunga bluu katika kitambaa, huikoroga ndani ya maji mengi hadi iyeyuke yote, ndipo huzamisha nguo. Wewe imwage juu ya shuka moja kwa moja. Utapata madoa ya buluu yaliyotapakaa, na shuka la waridi litakuwa limepata nakshi.

Madoa yana elimu yake. La damu lipige maji ya moto mara moja, maana maji baridi yangeliondoa, na hapo ungekosa cha kusimulia. La kutu, lile lililoachwa na waya wa kuanikia, limwagie jiki: jiki haiondoi kutu, hulizidishia tu doa mizizi. Ndimu na chumvi juani zingefaa, ila zisikutane na jiki hata kwa mzaha, kwa sababu hewa inayotoka hapo huchoma mapafu, na katika jambo hili mwongozo hautanii. La mchuzi wenye manjano ndilo tamu zaidi. Ukilipaka sabuni hugeuka jekundu papo hapo, na mtu asiyejua hudhani kitambaa kimejeruhiwa. Hakijajeruhiwa, manjano hubadilika rangi yakikutana na sabuni. Suuza vizuri, anika kwenye jua kali, doa litafifia lenyewe. Kwa sababu hiyo, anika kivulini.

Kivuli kina neema nyingine. Kuna inzi fulani, mkubwa kidogo kuliko yule wa jikoni, apendaye kutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa mahali penye kivuli au kutandazwa chini. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na kifunza chake, kikipata ngozi ya mlalaji, huingia na kufanya makazi. Mgeni atarudi kwao na majipu yanayochezacheza. Wapo wanaoharibu mpango huu kwa kuanika juani hadi nguo ikauke kabisa, au kwa kupiga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono, na mayai yakafa. Ndiyo siri ya wazee waliopiga pasi hata taulo na nepi tukawaona wana wasiwasi.

Kuhusu pasi, basi, tumia busara ya LUKU. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kukata hula uniti moja, na wageni hawachangii umeme. Nyoosha ule upande wa maua peke yake, unaokunjwa juu ya blanketi na kuonekana ukiwa mlangoni. Kama una pasi ya mkaa, ipepee ukiwa umesimama juu ya shuka, cheche zitajua pa kwenda. Foronya zitie kanji ya muhogo, nzito kama uji wa mgonjwa, ili mgeni akigeuza shavu usiku asikie mlio.

Usiisuuze kanji hiyo kabla ya kuhifadhi. Vile vidudu vya kijivu vinavyong'aa, vinavyotimka ukifungua daftari la zamani, hupenda sana wanga, na foronya yenye kanji kabatini ni karamu iliyoandaliwa. Halafu tia vidonge vya naftalini, vingi. Kiwavi cha nondo hula sufu, manyoya na hariri, na shuka lako la pamba hana habari nalo. Lakini harufu ile ndiyo inayomjulisha jirani kwamba humu ndani mna vitu. Watu wa pwani hufukiza udi au huweka asumini kati ya mikunjo. Waache, wao wamezoea kulala vizuri.

Lifunge shuka kwenye mfuko wa nailoni likiwa bado na unyevunyevu, hasa wakati wa masika, ukungu upate riziki. Likunje kwa mistari ileile kila mwaka mpaka uzi uchoke na kukatika penye mkunjo. Ufunguo wa kabati uweke mahali usipopakumbuka.

Siku moja shangazi atashuka kutoka Tanga bila taarifa. Mtandikie kwa fahari. Naye atalitazama shuka, atanusa, atasema, "Mashallah, mwanangu, usingejisumbua," kisha atatoa khanga yake mkobani, ataitandika juu, na kulala. Akiondoka, lifue tena.